Mtafutie Maumivu Kabla ya Fimbo

Nimetoka Kivu ya Kusini, ambako farasi tulimwona kwenye kalenda na sinema tu. Kumjua kulinijia hapa Malawi, nilipopata kazi ya kutunza farasi wa kupanda kwenye shamba moja nje kidogo ya Lilongwe. Niliifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, hadi mwaka 2023 ilipotoka amri kwamba wakimbizi wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka. Huku Dowa, iliko kambi hiyo, kilomita 40 na kitu kutoka mjini, sina farasi tena wa kumsugua mgongo asubuhi. Nina punda na ng'ombe wa mikokoteni wanaopita njiani, na niliyojifunza kwa farasi yananifaa kwao pia.

Nayaandika haya kwa ajili ya vijana wanaotafuta kazi mazizini, kwa wenye mikokoteni, na kwa yeyote anayepata riziki au raha kutokana na mgongo wa mnyama. Ninalolishikilia ni hili: mnyama aliyekuwa akifanya kazi vizuri kisha akabadilika, mtafutie maumivu kabla ya kumtafutia fimbo.

1. Mjue akiwa mzima

Mzee aliyenifundisha kazi, Mmalawi aliyezeekea mazizini, hakuanza na tandiko wala hatamu. Kila alfajiri, kabla ndoo za chakula hazijatoka, alinisimamisha uani akaniambia nitazame. Nani husimama karibu na nani. Nani hulala ubavu jua linapopanda, na nani hapumziki ila amesimama. Nani huja langoni akisikia mlio wa ndoo, na nani husubiri aitwe. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo chetu, kwa sababu farasi hafanani na mwenzake. Mmoja hulaza masikio kila aonapo mbwa, ndivyo alivyo tangu utoto wake. Mwingine akiyalaza hata mara moja, kuna jambo.

Baada ya macho huja vidole. Chini ya taya kuna mshipa. Weka ncha za vidole, hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa 4. Farasi mzima aliyetulia moyo wake hupiga kati ya mara 28 na 44 kwa dakika, hupumua mara 8 hadi 16, na joto lake huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Tuliandika kwenye daftari la shule, kila farasi na ukurasa wake. Daftari lile lilitufaa kuliko dawa nyingi za kabatini. Farasi ambaye kila siku mapigo yake ni 30, siku akifika 44 bado yuko ndani ya kiwango cha vitabu, ila kwake yeye hiyo ni habari mbaya.

2. Uliza: kwa nini aanze leo?

Tulikuwa na jike mmoja wa kijivu, Mvula, ambaye ndiye aliyekabidhiwa watoto wanaoanza kujifunza. Hakutikisika hata mtoto alipoteleza tandikoni na kuning'inia shingoni mwake. Mwishoni mwa kiangazi kimoja akaanza kulaza masikio kila ukanda wa tumbo ulipokazwa. Kisha akawa anageuza shingo na kung'ata hewa. Kisha akakataa kutoka mwendo wa matiti kwenda shoti: akiombwa, anapinda mgongo na kusimama. Wapandaji walikuwa na majibu tayari. Amezeeka. Amedeka. Amegundua kwamba watoto hawana nguvu, anahitaji mtu mzima wa kumnyoosha. Mzee akauliza jambo moja tu: kwa nini aanze leo?

Sijasikia swali zuri kuliko hilo zizini. Farasi aliyefanya kazi kwa utulivu miaka yote haamki Jumanne moja akiwa mkorofi. Akibadilika, kuna kilichobadilika mwilini mwake au katika vitu tunavyomvalisha, tunavyomlisha na tunavyomtaka afanye.

Kwa Mvula, kilichobadilika ni majani. Oktoba ya Lilongwe malisho yamekauka, nyasi kavu ni ghali, na watu huzigawa kwa kubana. Farasi walipewa nafaka na pumba za mahindi asubuhi na jioni. Katikati walikaa bure. Tumbo la farasi limeumbiwa mnyama anayelisha mchana kutwa na sehemu kubwa ya usiku. Linatoa asidi muda wote, awe anakula au hali, na kinachoipunguza makali ni mate, ambayo farasi huyatoa anapotafuna tu. Akikaa saa nyingi bila kutafuna, asidi huunguza sehemu ya juu ya tumbo, ambayo haina ute wa kuikinga. Akikimbia, misuli hulibana tumbo na asidi hurushwa juu zaidi. Mnyama huyo ukimkazia ukanda na kumwomba shoti, unamwomba aongeze moto juu ya kidonda.

Daktari wa mifugo hakuwa na kamera ya kuchungulia tumbo la farasi, ambayo hutakiwa iwe na urefu wa karibu mita 3, kwa hiyo aliamua kwa dalili. Alimpa omeprazoli kwa kipimo cha farasi, dawa ileile wanayopewa watu wenye vidonda vya tumbo, na akaagiza nyasi kavu zisikosekane mbele yake usiku na mchana. Kabla mvua hazijashika vizuri, Mvula alikuwa amerudi kwa watoto wake.

3. Usome uso, tena ukiwa mbali

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maumivu ya farasi anayajua farasi. Lakini uso wake hautunzi siri. Mwaka 2014 watafiti wa Ulaya, akiwemo Emanuela Dalla Costa wa Milano, walichapisha kipimo cha kusoma maumivu usoni mwa farasi, wakilinganisha nyuso za madume kabla na baada ya kuhasiwa. Hutazamwa sehemu sita. Masikio yaliyokakamaa na kugeukia nyuma. Kope zilizojikaza hadi jicho linakuwa dogo. Mfupa wa juu ya jicho unaojitokeza kwa sababu misuli ya hapo imevutwa. Misuli ya taya iliyotuna. Mdomo uliobanwa na kidevu kilichojikunja. Pua zilizokazwa na kupoteza umviringo wake. Kila sehemu hupewa 0, 1 au 2, kadiri dalili inavyoonekana.

Huhitaji kuwa msomi ili kuitumia orodha hiyo. Unahitaji subira, na kusimama mahali ambapo farasi hajakuona. Ukifika karibu na ndoo mkononi atachangamka, na uso utabadilika kwa dakika chache. Mtazame kutoka nyuma ya mti au dirishani. Usimchanganye na anayesinzia: huyo naye hulegeza masikio na kufumba jicho nusu, lakini uso wake wote umelegea, mdomo wa chini unaning'inia. Anayeumia amekaza.

4. Dalili moja ni neno, subiri sentensi

Anayepiga mkia mara moja huenda amefukuza nzi. Anayefungua mdomo huenda amekerwa na mkono mzito wa mpandaji. Ndiyo sababu naiheshimu sana kazi ya daktari Mwingereza Sue Dyson, ambaye mwaka 2018, pamoja na wenzake, alitoa orodha ya tabia 24 za farasi anayepandwa. Zimo kulaza masikio kwa sekunde 5 au zaidi, kuacha mdomo wazi kwa sekunde 10 au zaidi, kupiga mkia mfululizo, kutikisa kichwa huku na huku, kukodoa macho hadi weupe uonekane, kuburuta ncha za kwato za nyuma, kujikwaa mara kwa mara, kubadili mwendo bila kuombwa, na tandiko kuteleza daima upande uleule. Akionyesha 8 au zaidi, uwezekano ni mkubwa kwamba ana maumivu ya misuli, mifupa au viungo.

Kilichonishawishi si hesabu yenyewe. Farasi waliochechemea walipopigwa sindano ya ganzi mahali panapouma, kisha wakapandwa tena, tabia zile zilipungua palepale. Mpandaji ni yuleyule, tandiko lilelile, uwanja uleule. Kilichoondoka ni maumivu, na "ukaidi" ukaondoka nayo. Kila ninapomsikia mtu akisema farasi wake ana kichwa kigumu, nawaza juu ya sindano hiyo.

5. Tandiko la Aprili si la Oktoba

Farasi wa Malawi hunenepa wakati wa mvua na kukonda kiangazi. Mgongo wake hubadilika umbo, lakini tandiko halibadiliki. Lililokaa vizuri Aprili, Oktoba linaweza kuegemea uti wa mgongo au kubana mabega. Ukivua tandiko baada ya kazi, tazama jasho: sehemu kavu katikati ya jasho mara nyingi ni sehemu iliyobanwa zaidi. Pitisha kiganja kandokando ya uti wa mgongo, kwa uzito wa kusukuma kengele ya mlango. Anayeumia atainama chini ya mkono wako, ngozi itacheza, au atahama. Nywele nyeupe zilizoota mgongoni mwa farasi wa rangi nyeusi au kahawia ni kumbukumbu ya jeraha la zamani: mzizi wa nywele uliumizwa na kubanwa, na hauwezi tena kutoa rangi.

6. Fungua kinywa

Meno ya farasi huendelea kusogea nje ya ufizi karibu maisha yake yote, milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, na kutafuna ndiko kunakoyasaga. Taya la juu ni pana kuliko la chini, kwa hiyo kingo zisizosagika hubaki kali, na hukata mashavu na ulimi. Farasi wa namna hiyo huinua kichwa ukivuta hatamu, huinamisha kichwa upande mmoja akila, hudondosha mabonge ya majani aliyoyatafuna nusu. Lijamu kali zaidi haitamtibu. Anahitaji tupa ya meno mkononi mwa anayejua kuitumia, walau mara moja kwa mwaka.

7. Anza na kwato

Mzee alikuwa na msemo wake, kwamba asiyejua pa kuanzia aanzie chini. Farasi aliyelala mzima na kuamka hawezi kukanyaga mguu mmoja, watu hudhani amevunjika. Mara nyingi ni jipu ndani ya kwato. Shika kwato kwa viganja vyote viwili, ulinganishe na ya pili: ile yenye jipu huwa na joto, na mshipa wa nyuma ya kifundo hupiga kwa nguvu. Daktari au mtu wa kwato akifungua njia, usaha mweusi unatoka na farasi anapata nafuu ya haraka sana.

Linalonitisha zaidi ni tatizo lingine la kwato, linalokuja na neema. Mvua zikianza majani huwa mabichi na matamu, au mtu anafungua gunia la mahindi kwa upendo, farasi anakula kupita kiasi, na tando zinazoshikilia mfupa ndani ya kwato zinavimba na kuanza kuachia. Utamtambua kwa msimamo: miguu ya mbele ameinyoosha mbele, uzito ameuegemeza nyuma, kugeuka hataki. Nimesikia watu wakimwita mvivu farasi katika hali hiyo na kumvuta kwa kamba. Asitembezwe. Mtoe kwenye malisho hayo, mwekee maranda au mchanga laini chini ya miguu, na mwite daktari siku hiyohiyo.

8. Mvivu huenda ana homa

Hapa Malawi kupe hawakosekani. Wanaleta ugonjwa unaovunja chembe nyekundu za damu, na dalili ya kwanza mara nyingi ni farasi kukosa hamu ya kazi. Inua mdomo wa juu utazame fizi: rangi ya waridi ni nzuri, iliyopauka au ya manjano ni hatari. Pima joto. Hakuna farasi anayepaswa kupandwa siku aliyonyong'onyea, hata kama mgeni ameshalipa.

Na tumbo likisokota, usingoje kesho. Farasi hawezi kutapika. Kilichokwama hakina mlango wa kurudi. Atachimba ardhi kwa kwato, atajitazama ubavuni, atalala na kuinuka, atabiringika, hatatoa mavi. Weka sikio ubavuni: tumbo lenye afya lina kelele, na ukimya wake ni mbaya. Mapigo yakipita 60, kila saa ina thamani.

9. Punda huficha maumivu

Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, na ilikusudiwa kuhifadhi watu 10,000 hadi 12,000. Sasa tumepita 50,000. Watu wote hao wanapika, wanajenga, wanakula mahindi, na sehemu ya mzigo huo wa kuni, matofali na magunia huja kwa mikokoteni ambayo wenyeji huiita ngolo. Mingi huvutwa na ng'ombe, mingine na punda.

Yule anayejua farasi asidhani amemjua punda. Farasi mwenye tumbo la kusokota hujibwaga chini na kubiringika. Punda mwenye maumivu yaleyale anaweza kusimama tu, kichwa kimeshuka, masikio yameinamia pembeni, kana kwamba anafikiri. Watu husema punda hahisi maumivu. Anahisi sana. Asili yake ni nchi kavu za Afrika, na mnyama anayewindwa akionyesha udhaifu huliwa. Kwa hiyo kwa punda dalili ndogo huhesabiwa kubwa: amechelewa kugeuza masikio aliposikia sauti, ameacha kulia asubuhi, hamfuati mwenzake, anatafuna bila kumeza. Na punda asipokula hakuna cha kungojea. Mwili wake huyeyusha mafuta yake mwenyewe kwa wingi hadi damu inajaa mafuta na ini linashindwa kufanya kazi, na anaweza kufa kwa njaa hiyo kabla ya ugonjwa ulioileta. Hata kutengwa na mwenzake aliyemzoea kunaweza kumfanya aache kula.

Lamu, mji wa vichochoro ambao mizigo yake imebebwa na punda kwa karne nyingi, una kliniki ya punda tangu mwaka 1987, iliyoanzishwa na shirika la Kiingereza la Donkey Sanctuary. Natamani kila mji wa mikokoteni ungekuwa na mlango wa namna hiyo.

10. Mwenye mnyama si adui

Hili limenichukua muda mrefu kulieleza kwa maneno, nami nalipa uzito kuliko mengi yaliyotangulia. Ukimwona mtu akimchapa punda anayekataa kilima, ukimfokea, utamfanya achape kwa hasira zaidi akifika mbali na macho ya watu. Mtu huyo ana watoto. Tofali asilolifikisha leo ni unga usionunuliwa jioni.

Mimi humsalimu kwanza. "Shikamoo, mzee," au kwa kijana Mmalawi, "Muli bwanji, achimwene?" Namsifu mnyama, nauliza jina lake, nauliza ameanza lini kukataa kilima. Karibu kila mara mwenyewe anajua siku. "Tangu wiki ile ya matofali." Basi hapo tayari tumeanza kutafuta pamoja. Tunainua kamba na kukuta kidonda kifuani, kwa sababu kamba ni ya nailoni nyembamba na haina kitu laini chini yake. Blanketi kuukuu la pamba, likikunjwa mara tatu na kushonwa juu ya kamba pana, linapunguza msuguano. Au tunakuta mzigo wote umepangwa mbele, mikono ya mkokoteni inamlemea punda mgongoni. Mkokoteni wa magurudumu mawili hupangwa uzito juu ya ekseli, kisha punda hubaki na kazi ya kuvuta tu. Hayo hayagharimu pesa, na mwenye punda anaona faida mwenyewe: mnyama asiyeumia hupanda kilima.

Kidonda kikiwa wazi, namwambia ukweli, kwamba siku chache za kupumzika ni nafuu kuliko kununua punda mwingine. Wengine hukubali. Wengine hawawezi, na siwahukumu, lakini sinyamazi.

11. Mpe daktari habari

Lilongwe kuna LSPCA, jumuiya ya kulinda wanyama, ambayo wengi wanaijua kwa mbwa na chanjo ya kichaa, lakini punda nao wamo katika kazi yake. Chuo kikuu cha LUANAR kule Bunda kinafundisha udaktari wa mifugo. Dowa kuna ofisi ya mifugo ya wilaya. Yeyote utakayempata, usimpigie simu ukasema "farasi wangu amekuwa mkorofi." Mwambie amebadilika nini na tangu lini, amekula na kunywa nini, mara ya mwisho ametoa mavi saa ngapi, mapigo na joto lake sasa hivi na ya kila siku. Mrekodi kwa simu akitembea kwenye ardhi ngumu iliyonyooka, kwa mbele, kwa nyuma na ubavuni, kisha akizunguka kulia na kushoto. Rekodi pia anapofungwa ukanda, kama hapo ndipo anapobadilika. Na usimpe dawa ya maumivu kabla, isipokuwa daktari mwenyewe amekuagiza, maana atakapofika atamkuta mnyama ametulia, na mguu unaouma hataujua.